Mistari Arobaini ya Nsia

Mzee Zefania, jirani wa kina Namsifu, alishikilia kwamba aliwahi kufika nchi ambayo mtu akinyoa ndevu anawekewa matanga. Alisimulia kwamba aliingia mji mmoja asubuhi, akakaribishwa na mwenyeji mwenye ndevu zilizofika kifuani. Mchana mwenyeji akaenda kunyoa. Aliporudi akakuta majirani wameketi jamvini uani kwake wanamlilia, na mkewe amejitanda kanga nyeusi. Mwenyeji hakubisha. Alivua viatu, akaketi nao, akala wali wa matanga yake mwenyewe, na alasiri ile ile akaandikwa kuwa mtu mpya wa mji.

"Na mimi nilikula," Mzee Zefania humalizia kila mara. "Wali ulikuwa na nyama."

Watu walimcheka, maana Mzee Zefania huyo huyo alikuwa pia na kisa cha mbuzi aliyejua saa. Namsifu hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, na ndani ya mfuko wa gauni lake mlikuwa na barua tatu alizompelekea dada yake mkubwa, Nsia, aliyekwenda kukaanga maandazi nchi ya Mistarini miaka sita nyuma. Zote tatu zilikuwa zimerudi. Juu ya kila moja pamepigwa muhuri: AMEONDOLEWA.

"Mzee," Namsifu aliuliza, "huo mji uliitwaje?"

"Mistarini. Unataka kwenda? Usikate kucha njiani."

Harusi ya Namsifu ilikuwa imebakiza siku kumi. Kwao, bibi harusi hutolewa nyumbani kwa mama yake akiwa ameshikwa mkono na dada mkubwa, na mama yao alikuwa amekwishasema neno lake: hatatoa binti kwa mkono wa kuazima. Nsia akija, harusi ipo. Nsia asipokuja, wageni wajipange upya. Mama hakulitaja hilo neno la kwenye muhuri. Kila barua iliporudi aliikunja tu, akaiweka chini ya godoro, na huko ndiko Namsifu alikozitoa.

Basi Namsifu akaenda.

Lango la Mistarini lilikuwa na bawabu mmoja mwenye mizani na saa. Hakumwuliza Namsifu jina wala atokako.

"Umeguswa lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi. Mama alinisuka."

"Panda mizani." Namsifu akapanda. Bawabu akaandika saa ya kuguswa na uzito, akamwambia apite.

"Huniangalii usoni?"

"Nikuangalie kwa nini? Ukirudi hapa na saa ile ile na uzito ule ule, nitajua hujabadilika. Saa ikitofautiana, hapo ndipo nitakuangalia. Nikikagua kila uso kila siku, nitalala saa ngapi?"

Nyuma yake lango lilikuwa na tundu kubwa katikati, la kupitisha kichwa cha mtoto. Namsifu baadaye alielezwa habari zake. Mtu mmoja alilibeba lango la asili, akaweka jingine lenye uzito ule ule, na akarudisha mshale wa saa nyuma. Miaka minne sasa, na kitabuni bado limeandikwa: lango, halijaguswa.

Alielekezwa Nyumba ya Picha, mahali ambapo habari zote za mji huwekwa. Karani wake alikuwa mwanamume mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mimi ni Nne-Fa," alisema. "Jina kamili lina alama arobaini, lakini mpaka leo sijagongana na mtu kwa hizi mbili za mwanzo."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Kinu."

Akampeleka uani akamwonyesha. Kilikuwa kinu cha chuma, kina mdomo mpana juu na mrija mwembamba chini. Chochote kilichoandikwa kikitiwa humo, kikasagwa, kilitoka kikiwa alama arobaini, si zaidi wala si pungufu. Andika habari za ghala zima la mahindi, alama arobaini. Andika habari za punje moja, alama arobaini. Na ukipunguza punje moja katika habari za ghala, hutapata alama zilizofanana na zile za kwanza hata kidogo. Utapata nyingine kabisa, kana kwamba ghala limehama dunia.

"Kwa hiyo hatubishani," Nne-Fa alisema. "Alama zikiwa zile zile, kitu ni kile kile. Zikiwa nyingine, ni kitu kingine. Mimi nina jina hili mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuna karani aliyewahi kulifungua jalada langu."

Alilisema kwa fahari, lakini Namsifu aliona kidole chake kikifuta vumbi kwenye ukingo wa meza mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Kila siku saa kumi na moja jioni, Nyumba ya Picha huandika mji mzima, si sehemu ya mji, na maandishi hayo ndiyo huitwa picha ya siku. Kila mtu, kila kuku, kila kisima hupewa mistari yake. Namsifu aliuliza kama mikono haiwaumi. Nne-Fa alimjibu kwamba kisichobadilika hakiandikwi upya. Huandikwa alama yake tu, na anayetaka kukisoma atafuata alama mpaka kwenye karatasi ya zamani.

Akamtolea jalada la dada yake. Alama yake ilikuwa Tisa-Da, na mistari yake arobaini, iliyoandikwa kwa mkono mzuri. Ana nywele ndefu za mafundo mawili. Hukaanga maandazi. Anakaa Mtaa wa Chini. Ana kovu goti la kushoto. Hunywa chai yenye tangawizi na iliki. Namsifu alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika mwisho alikuwa anatabasamu.

"Ndiye. Yuko wapi?"

"Miezi mitatu nyuma, Jumanne yupo. Jumatano hayupo."

"Alikwenda wapi Jumatano?"

"Bibie, sisi hatuandiki kwenda. Tunaandika kuwepo. Picha ya Jumanne ina mtu Mtaa wa Chini. Picha ya Jumatano haina. Kwa hiyo ameondolewa."

"Na mtaa mwingine hakuongezeka mtu siku hiyo?"

Nne-Fa akafungua, akapitisha kidole. "Aliongezeka mmoja, Mtaa wa Juu. Mbili-Be. Mwanamke, mshonaji."

"Sasa hamkuona kwamba amehama?"

"Kuhama ni fikra," karani alisema kwa upole. "Inamwingia mtu anayetazama picha mbili kwa pamoja. Kwenye picha yenyewe haimo."

Namsifu hakuchoka. Aliuliza kama hakuna ofisi nyingine, akaambiwa ipo, ng'ambo ya barabara, lakini mtu mwenye akili timamu haingii. Hiyo ndiyo Nyumba ya Tofauti. Makarani wake hawaandiki mji mzima hata siku moja. Huandika kilichozidi na kilichopungua, basi. Nyumba mbili hizi hazijasalimiana tangu babu zao.

Bi Sita-Che, mkuu wa Nyumba ya Tofauti, mama mnene mwenye kicheko, alimkaribisha kwa chai.

"Wale wa ng'ambo ni watu wa anasa," alisema. "Kuku ametaga yai moja, wao wanafungua picha ya mji. Sisi tunaandika: weka yai. Imekwisha. Unataka kujua nini, mwanangu?"

"Dada yangu yukoje leo."

"Leo. Haya." Akavuta daftari la kwanza kabisa, lililoliwa na mende. "Tunaanza siku mji ulipojengwa. Weka jiwe. Weka jiwe. Weka mbuzi. Toa mbuzi."

Ilipofika adhuhuri walikuwa bado kwenye mbuzi. Namsifu akaomba kwa adabu kama wanaweza kuruka mpaka Jumatano ile. Bi Sita-Che alishtuka kidogo, maana aliyeruka hawezi kujua anatoka wapi, lakini alikuwa na huruma akakubali. Daftari la Jumatano lilisema: toa mistari arobaini, weka mistari arobaini.

"Mnaandikaje mtu akibadilika?"

"Kubadilika ndiyo nini?"

"Labda mtu alikuwa anakunywa chai ya iliki, sasa anakunywa bila iliki."

"Tunatoa mstari wa chai ya iliki, tunaweka mstari wa chai bila iliki."

"Lakini chai si ile ile?"

Bi Sita-Che alimpapasa bega. "Wewe ni mgeni," alisema.

Hapo Namsifu akaona kwamba kwa hili moja, nyumba mbili zile zisizosalimiana zilikuwa ndugu.

Akarudi kwa Nne-Fa akamwomba amsindikize Mtaa wa Juu. Karani alikubali kwa kuwa ziara yoyote ya mgeni lazima iwe na shahidi. Walibisha kwenye mlango wa bluu. Akatoka mwanamke mwenye nywele fupi kama za mwanafunzi, miwani puani, futi ya kushonea shingoni.

"Dada," Namsifu alisema, "nina kiu."

"Maji yapo mtungini," mwanamke akasema. "Tena usichovye kikombe, tumia kata." Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamkumbatia mdogo wake mpaka futi ikawafunga wote wawili.

Nne-Fa alibaki kizingitini na kalamu juu. "Samahani," alisema. "Hujahesabu mstari hata mmoja."

Nsia alieleza habari yake huku anacheka. Moshi wa maandazi ulikuwa unamwumiza macho. Siku moja ya Jumatano akaamka, akasema basi: akahama, akanyoa nywele, akanunua cherehani na miwani, akaacha iliki kwa sababu ilikuwa inamchoma kifua. Alifanya yote kabla ya saa kumi na moja. Jioni ile makarani walipopita, akawa mtu mpya, na akaletewa zawadi ya uzazi, shuka ndogo ya mtoto.

"Kwa nini hukuandika barua?"

"Niliandika. Posta wakaniambia Mbili-Be hana ndugu. Sijazaliwa na mtu, mimi. Nimetokea."

"Basi twende nyumbani. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mama hataki mkono mwingine."

Nsia akamtazama karani. Karani akatazama viatu vyake.

"Asiyeingia hatoki," Nne-Fa alisema. "Tisa-Da aliingia kwa lango, miaka sita iliyopita. Mbili-Be hajaingia. Bawabu atamtoa vipi mtu ambaye hakuingia?"

"Hakuna njia?"

"Ipo sheria ya nusu. Mtu aliyeondolewa na mtu aliyeongezeka wakilinganishwa, na mistari ikafanana nusu au zaidi, tunasema ni mmoja, amehama. Huyo anatoka." Akapiga hesabu papo hapo, karatasi mbili gotini. Kovu, sawa. Mwanya, sawa. Hutumia mkono wa kushoto, sawa. "Kumi na minne. Inatakiwa ishirini."

"Na huu wa chai? Tangawizi bado anakunywa."

"Mstari ni mzima au si mstari. Umepungua iliki, umepungua wote."

Usiku ule Namsifu alilazwa chumba cha uani. Ndani mlikuwa na mkeka na kijiwe kimoja juu ya sahani. Alitaka kukiondoa kijiwe, Nsia akamzuia. Chumba kitupu hakiandikwi, na kisichoandikwa hakipo. Kuna familia ililala nje kwa sababu ilifagia nyumba vizuri mno. Ndiyo maana kila chumba cha Mistarini kisicho na mtu kina kijiwe chake.

Asubuhi Namsifu alimsubiri Nne-Fa mlangoni mwa ofisi yake.

"Hizi picha mnazolinganisha, lazima ziwe za siku zilizofuatana?"

"Hapana. Tunaweza kulinganisha siku yoyote na siku yoyote."

"Basi ya Jumanne ile inaweza kulinganishwa na ya leo jioni."

"Inaweza." Karani alifikiri. "Lakini ya leo jioni itakuwa sawa na ya jana."

"Tutaona," Namsifu alisema.

Kazi ikaanza. Nywele hazikuwa na la kufanywa, wala mtaa. Lakini karai lilitolewa uvunguni, likasuguliwa kwa majivu. Nsia akarudi jikoni huku ananung'unika kwamba amefungwa kwa makosa ya makarani. Mafuta yalipochemka, nguo zikashika harufu, na huo ukawa mstari. Unga ukampanda kiwiko cha kushoto, mahali pale pale, mstari mwingine. Akanywa chai ya tangawizi na iliki kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Majirani wakaja mlangoni na sahani, kwa sababu maandazi yale waliyakosa kwa miezi mitatu, ingawa hakuna aliyekubali kwamba anamjua aliyekuwa akiyapika.

"Yanafanana na ya marehemu," mmoja alisema akitafuna.

"Marehemu alitia sukari zaidi," mwingine akamjibu.

"Marehemu anawasikia," Nsia alisema kutoka jikoni.

Saa kumi na nusu Nne-Fa aliwasili na kalamu yake. Aliketi kwenye kigoda, akaandika. Hukaanga maandazi. Nguo zina harufu ya moshi. Unga kiwikoni. Chai. Akasubiri mpaka Nsia alipoanza donge la pili, na wimbo ukamtoka bila kuitwa, sauti ikikwaruza kama mlango. Huimba akikanda.

"Kumi na tisa," karani alisema. "Imebaki dakika kumi."

Wakasoma mstari mmoja mmoja. Uliobaki ambao ungewezekana ulikuwa wa thelathini na tatu: Humgombeza mdogo wake.

"Nilipokuja lango lile mara ya kwanza nilikuwa nakusema wewe," Nsia alikiri. "Ulinifungia vitumbua kwenye kitambaa changu cha kanisani."

"Basi nigombeze."

Nsia alimkazia macho. Akafungua mdomo. "Wewe Namsifu," alisema, "wewe ni..." Akaanza kucheka. "Siwezi. Umekuja mbali kote huku kunifuata. Nikugombeze nini, mdogo wangu?"

"Hiyo si kugombeza," Nne-Fa alisema.

"Najua si kugombeza, baba. Ngoja. Namsifu, wewe mtoto mbaya."

"Anacheka," karani alisema. "Siwezi kuandika mtu anayecheka kwamba anagombeza. Dakika nne."

Namsifu alikuwa ameshika andazi na unga umemjaa viganja vyote viwili. Akaangalia chumba kizima kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kikombe. Juu ya cherehani kulikuwa na gauni la hariri nyeupe ya maziwa, limekwisha mpaka vifungo, la Bi Sita-Che wa Nyumba ya Tofauti. Namsifu akalisogelea. Akalishika kifuani kwa mikono yote miwili, akalinyanyua kulitazama vizuri, akapaka mafuta ya andazi kwenye kola.

"Zuri," alisema.

Kilichomtoka Nsia hakikuwa na mwanzo wala nukta. Alianza na mikono ya Namsifu tangu alipozaliwa, akapita kwenye vitumbua na kitambaa cha kanisani, akafika kwa mbuzi aliyeachwa afungue kamba mwaka wa mvua nyingi, akauliza ni bibi harusi gani huyu anayekwenda kwa watu na mikono ya mpiga lipu, akamwambia aweke hilo gauni chini, asiliweke chini, alishike, asilishike, na mwisho akamnyang'anya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unapepea mwiko juu ya vichwa vyao. Namsifu alisimama ameinamisha kichwa, na waliomjua wangesema alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa salamu.

Nne-Fa aliandika. Alama ya mwisho ilianguka kwenye karatasi kengele ya saa kumi na moja ilipolia.

"Ishirini," alisema. "Amehama."

Kisha akatupa jicho kwenye kola. "Na gauni limeondolewa. Limeongezeka gauni jingine, lenye doa."

Bi Sita-Che alilipokea gauni hilo kesho yake bila neno. Alishukuru kwa kupewa jipya, ila aliuliza kwa huzuni kidogo liko wapi lile la kwanza.

Walifunga mzigo asubuhi. Nsia alivaa miwani yake na nguo zake za ushonaji, akamwaga iliki yote nje ya dirisha. Hilo halikumtia hofu tena: akibadilika kidogo leo na kidogo kesho, kila picha ingekuwa na nusu ya ile ya kabla yake, na angefika popote akiwa bado Nsia. Kabla ya kufunga mlango wa bluu alirudi ndani, akaweka kijiwe juu ya kiti cha cherehani.

Langoni bawabu aliwapima, akafungua. Nsia alitangulia na mzigo kichwani. Nne-Fa alikuwa amesimama pembeni, vifungo mpaka shingoni, na karatasi ya Nsia mkononi. Alimwomba Namsifu dakika moja.

"Siku ile mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Nywele si zile, miwani hakuwa nayo, mtaa si ule. Ulipomwona ulisema una kiu. Ulimjuaje?"

Namsifu alimtazama Nsia aliyekuwa anatangulia na mzigo.

"Nimeacha nafasi chini," karani alisema, akamwonyesha. Chini ya mstari wa arobaini alikuwa amepiga mstari mmoja zaidi kwa rula, mtupu. "Niandikie hapa. Mstari mmoja tu, Bi Namsifu. Nitautumia kwa wengine." Alisita. "Kuna siku mtu anaweza kuutumia kwangu."

Akampa kalamu. Namsifu aliishika. Aliitazama nafasi ile, akamtazama karani usoni, kwa muda mrefu, vile alivyokuwa akiutazama mchele kabla ya kuuchambua, na Nne-Fa akasimama wima kabisa bila kupepesa, kwa sababu miaka kumi na moja hakuna mtu aliyemwangalia hivyo.

"Namsifu," sauti ya Nsia iliita kutoka barabarani, "umeota mizizi hapo? Unataka nifike kwa mama peke yangu, nimwambie bibi harusi nimemsahau kwenye mizani? Na hizo kandambili umezivaa kushoto kulia, tangu lini, hebu tembea."

Namsifu akakimbia. Alikuwa amefika kwenye kona alipotambua kwamba kalamu bado anayo mkononi. Langoni, kupitia lile tundu, karatasi ilikuwa bado imenyooshwa.